Kutoka Air Congo hadi Air Congo: nani amekuwa akichora njia za ndege zetu?

Tarehe 1 Desemba 2024 jina la zamani lilirudi angani. Ndege za Boeing 737-800 zenye maandishi Air Congo zilianza kubeba wasafiri kati ya Kinshasa na miji mingine ya nchi yetu. Serikali ya Kongo ina asilimia 51 ya hisa za kampuni hiyo, na Ethiopian Airlines ina 49. Kwa vijana ni kampuni mpya. Kwa wazee ni jina wanalolifahamu, maana Air Congo ya kwanza iliundwa mwezi wa Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru.

Kati ya Air Congo ya wazee na Air Congo ya vijana imepita zaidi ya miaka 60, na ndani yake majina mengi yamekuja na kwenda: Air Zaïre, Lignes Aériennes Congolaises, Hewa Bora, Korongo, Congo Airways. Kila moja ilipozinduliwa palikuwa na hotuba, ngoma na ahadi. Karibu zote zimekufa. Msafiri anayesubiri uwanjani na tiketi mkononi anasema ni uchawi, au ni wizi tu. Wizi umekuwapo, hatukatai. Lakini ukifuata historia hii hatua kwa hatua, unaona jambo jingine: mara chache sana ramani ya safari na aina ya ndege viliamuliwa kwa kumfikiria msafiri wa ndani. Tuifuate.

Nchi ambayo barabara yake ni anga

Kongo ina kilomita za mraba 2,345,000. Toka Kinshasa hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na hadi Lubumbashi ni vilevile. Hakuna barabara ya lami inayounganisha Kinshasa na Goma au Bukavu. Garimoshi haliendi kila upande, na mashua ya mtoni inaweza kuchukua majuma. Kwingine ndege ni ya mtu mwenye haraka au mwenye pesa. Kwetu ndege ndiyo barabara. Mgonjwa anayetafuta daktari mkubwa, mwanafunzi anayekwenda chuo kikuu, mfanyabiashara, mbunge, dawa, karatasi za mitihani: vyote vinangoja ndege.

Wabelgiji walilijua jambo hilo mapema. Mwaka 1920 walianzisha Ligne Aérienne Roi Albert, ndege ndogo zinazotua juu ya maji, zikifuata Mto Kongo kutoka Léopoldville, na mwaka uliofuata zikafika Stanleyville, Kisangani ya leo. Jaribio lile halikufika mbali, likafungwa mwaka 1922. Kisha rubani Edmond Thieffry aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku 51! Meli ya Antwerp hadi Matadi ilifanya karibu wiki tatu tu. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Thieffry mwenyewe alikufa mwaka 1929 katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa anatafuta njia za kuunganisha miji ya ndani ya koloni. Mwaka 1935 kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo. Sasa safari ilichukua siku tano na nusu hivi.

Angalia njia ya ndani ambayo Sabena iliitangulia katika miaka ya 1920: Boma, Léopoldville, Luebo, Elisabethville. Boma ilikuwa makao makuu ya zamani ya utawala, Léopoldville makao mapya, Luebo ni Kasai, Elisabethville ni shaba ya Katanga. Ndege ilifuata ofisi na madini. Haikuchorwa ili mtu wa Bukavu amtembelee ndugu yake Kindu. Kwa miaka mingi Mwafrika alilima kiwanja na kubeba mizigo, na viti vilikuwa vya wazungu. Mpango ule ulikuwa na mantiki yake, lakini ilikuwa mantiki ya mwenye koloni. Na tabia yake moja tumeirithi hadi leo: kila kitu kinakusanyika Kinshasa, na majimbo hayakutani.

Mwaka ambao ndege ilikuwa serikali

Baada ya vita kuu ya pili Sabena ilijaza koloni ndege za DC-3. Hii ilikuwa ndege ya propela, yenye viti karibu 28, ngumu, inayoweza kutua kwenye udongo au majani. Kwa sababu hiyo viwanja vingi vidogo vilipata safari. Mwaka 1959 ukafunguliwa uwanja wa Ndjili, wenye njia ya kurukia ya kilomita 4.7, mojawapo ya ndefu kuliko zote Afrika.

Halafu ikaja Julai 1960. Jeshi lilipoasi na Wabelgiji wakaanza kukimbia, Sabena iliondoa watu zaidi ya 20,000 kwa majuma machache. Walioondoka si wasafiri tu. Marubani, mafundi na wakuu wa viwanja nao walikuwa ni Wabelgiji, na hakukuwa na Wakongo waliofundishwa kushika nafasi hizo.

Tarehe 12 Julai mwaka huohuo, siku moja baada ya Katanga kujitenga, ndege iliyombeba Raisi Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba ilikatazwa kutua Elisabethville. Wakuu wa nchi walizunguka juu ya mji wao wenyewe wakarudishwa. Hakuna somo lililo wazi kuliko hilo: katika nchi hii, asiye na ndege na uwanja hana serikali.

Ndiyo maana Air Congo iliundwa haraka mwaka 1961. Serikali ilishika hisa nyingi, Sabena ikabaki na sehemu yake na mafundi wake. Ndege zilikuwa zilezile za zamani, DC-3, DC-4 na DC-6. Zilikuwa zimezeeka na hazikumpendeza mtu kwa sura, lakini ziliwezana na viwanja vyetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikafuata ndege za jeti, Caravelle na DC-8, pamoja na Fokker F27 yenye injini mbili za propela na viti arobaini na kitu. Kama kuna kipindi ambacho kampuni yetu ilikaribia kuwa na ndege kubwa kwa safari kubwa na ndege ndogo kwa safari ndogo, ni hicho.

Chui angani

Oktoba 1971 nchi ikawa Zaïre, na Air Congo ikawa Air Zaïre, na chui kama nembo yake. Shaba ilikuwa na bei nzuri, na pesa zilionekana kama hazitakwisha. Mwaka 1973 ikafika ndege ya kwanza ya McDonnell Douglas DC-10-30, injini tatu, zaidi ya viti 200, ikafuatwa na ya pili. Zikaja Boeing 737-200 kwa safari za ndani. Kwa muda kampuni ilikodi hata Boeing 747 ya Pan Am. Wahudumu walivaa vizuri, chakula kilikuwa cha moto, na Mzaïrois aliyeshuka Brussels, Paris au Rome kutoka ndege yenye chui alijisikia mtu. Wazee wakiisimulia enzi ile macho yanang'aa, na hawadanganyi. Ilikuwa kampuni ya kujivunia.

Lakini tupige hesabu. Ndege inaleta pesa ikiwa angani na watu ndani. DC-10 ikiwa na viti 250 na watu 90, inakula mafuta karibu sawa na ikiwa imejaa. Injini zake zinatengenezwa nje, vipuri vinanunuliwa kwa dola, na mafundi wake wanasoma miaka mingi. Ukiwa na ndege mbili tu za aina hiyo, moja ikiharibika umepoteza nusu ya safari zako za mbali. Msafiri wa Brussels analala uwanjani, na mwezi ujao anapanda Sabena. Kumbe Air Zaïre haikuwa na aina moja tu: DC-10, DC-8, 737, Fokker. Kila aina inataka vipuri vyake, marubani wake, mafundi wake. Kampuni tajiri inaliweza hilo. Bei ya shaba ilipoanguka kuanzia 1974, Zaïre haikuwa tajiri tena, lakini ndege za utajiri zilibaki.

Pesa zilipopungua, palipokatwa kwanza ni vijijini. Ndege ya Ulaya ilikuwa sura ya nchi na ya Raisi, haikuguswa. Ndege ndogo ziliachwa moja baada ya nyingine, na pamoja nazo viwanja vilivyowezwa na ndege hizo tu. Majani yakaota pale ambapo DC-3 zilikuwa zikitua. Hakuna aliyetangaza redioni kwamba mji fulani umefutwa kwenye ramani. Ndege haikuja, wiki ikapita, mwezi ukapita, mwaka ukapita.

Na hata pale ilipokuja, haikuwa na saa. Mobutu na watu wake waliona ndege za kampuni kama magari ya nyumbani. Ndege iliyopangiwa wasafiri iliweza kuchukuliwa ghafula kwa safari ya wakubwa, na waliokuwa wamelipa wakabaki. Viongozi wengi walipanda kwa deni la serikali ambalo serikali haikulipa. Huko Gbadolite ulijengwa uwanja wenye njia ndefu ya kutosha kupokea Concorde, ambayo Mobutu alikuwa akiikodi, wakati miji mikubwa ya majimbo ilikuwa na viwanja vyenye mashimo. Waandishi waliochunguza utawala ule wameandika hata kuhusu DC-8 iliyotumwa mara nyingi Venezuela kuleta kondoo wa shamba la Raisi. Wananchi waliipa kampuni jina la utani kwa Kifaransa: Air Peut-être. Yaani Air Labda. Labda itakuja, labda haitakuja.

Jina la utani linachekesha, lakini lilikuwa hukumu. Ratiba ni ahadi kati ya kampuni na msafiri. Msafiri akishajua kwamba ahadi haina maana, ananunua tiketi siku ya mwisho, anampa mtu wa ndani kitu kidogo ili apate kiti, anabeba mizigo yote mkononi kwa kuogopa itapotea. Kampuni nayo haijui tena ina wasafiri wangapi kesho, kwa hiyo haiwezi kupanga. Ndivyo huduma mbaya na mipango mibaya vinavyozaana. Uporaji wa 1991 na 1993 ulimalizia kilichobaki, na mwaka 1995 mahakama ya Ubelgiji iliitangaza Air Zaïre kuwa imefilisika. Mwisho wa chui haukuamuliwa Kinshasa. Ulisomwa Brussels, mbele ya watu waliokuwa wanadai pesa zao.

Mawe yanapopanga safari

Anga haikubaki tupu. Tangu miaka ya 1980 kampuni za watu binafsi kama Scibe Airlift zilikuwa zimeanza kubeba watu pale ambapo Air Zaïre haikufika. Baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika, ndege za Antonov na Ilyushin zikawa nyingi na rahisi kukodi, pamoja na marubani wake. Watu walizishukuru, maana zilikuja. Bei tumeilipa baadaye.

Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 iliyobeba mzigo kupita kiasi ilishindwa kuruka katika uwanja wa Ndolo, katikati ya Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 waliokuwa wakiuza na kununua walikufa. Mwezi wa Mei 2003, mlango wa nyuma wa Ilyushin 76 iliyokuwa ikienda Lubumbashi ulifunguka angani, na watu wakavutwa nje. Walikuwa askari na familia zao, wamekaa katika ndege ya mizigo kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Hapa kwetu mashariki, wakati wa vita na baadaye, aliyepanga safari alikuwa jiwe. Ndege ndogo zilitoka Goma zikielekea Walikale zikiwa na sabuni, unga, bia na mafuta, zikarudi na kasiteriti. Pale Kilambo zilitua juu ya barabara ya lami, magari na watu wakikaa pembeni. Msafiri alilipa na kukaa juu ya magunia. Idadi ya safari haikutegemea watu wangapi wanataka kusafiri, ilitegemea bei ya madini. Ndipo unapoelewa kwamba katika hali ile msafiri alikuwa nyongeza ya mzigo.

Kubwa kuliko zote za wakati huo ilikuwa Hewa Bora, jina la Kiswahili chetu kabisa. Iliunganisha miji mikubwa na ikafika hata Brussels. Lakini mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliweka kampuni za Kongo kwenye orodha nyeusi, na kati ya ndege zote za nchi hii ilibaki moja tu ya Hewa Bora, Lockheed TriStar, iliyoruhusiwa kwenda huko. Nchi nzima, ndege moja! Baadaye nayo ikakatazwa.

Kwa mtu wa Goma, Hewa Bora ni tarehe 15 Aprili 2008. Tukumbuke kwamba Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, ikabaki fupi. Siku ile ya Aprili, DC-9 ya Hewa Bora iliyokuwa ikielekea Kisangani ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia, ikaingia katika mtaa wa Birere. Karibu watu 40 walikufa, wengi wao hawakuwa na tiketi. Walikuwa madukani na majumbani kwao. Ndege ya jeti ya zamani, njia iliyofupishwa, na mji uliosogea hadi ukutani mwa uwanja: kila jambo lilijulikana kabla. Tarehe 8 Julai 2011 Boeing 727 ya kampuni hiyohiyo ilianguka ikitaka kutua Bangoka, Kisangani, ikaua zaidi ya watu 70. Serikali ikaifungia.

Nimeandika ajali hizi katika makala ya mipango ya safari kwa kusudi. Ajali nyingi zinaanza mezani, siku mtu anapoamua kwamba ndege hii itakwenda kwenye uwanja huu na mzigo huu.

Waliojaribu kwa kipimo kidogo

Aprili 2012 ilianza Korongo, yenye makao Lubumbashi, ikisaidiwa na Brussels Airlines na kundi la Forrest. Wazo lake lilikuwa zuri: kuanzia Katanga badala ya Kinshasa. Huduma yake ilisifiwa, lakini ndege zilikuwa chache mno, na mwaka 2015 ikafunga.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, serikali ikaleta Congo Airways na Airbus A320 mbili zilizonunuliwa kutoka Alitalia, moja ikipewa jina la Patrice Emery Lumumba. Kabla hata ya safari ya kwanza, A320 moja ilizuiliwa Dublin na wadai wa Kimarekani waliokuwa na deni la zamani na serikali yetu. Kampuni haikuwa bado na msafiri hata mmoja, tayari ililipishwa madeni ya watangulizi.

Hata hivyo Congo Airways ilifanya jambo la akili: iliongeza ndege mbili za propela, Q400, zinazofaa miji ya kati. Kwa miaka michache mtu wa Kindu au Mbandaka aliweza kuisoma ratiba na kuiamini kiasi. Lakini ndege nne kwa nchi yenye ukubwa huu ni kama ndoo moja kwa kijiji. Ndege mpya za Embraer ziliagizwa kuanzia mwisho wa 2019, hazikufika. Zile nne zikachoka moja moja, na Septemba 2023 kampuni ilisimamisha safari kwa kukosa ndege.

Wakati wote huo msafiri alikuwa analipa. Tangu 2009 kila anayepanda ndege ananunua Go-Pass, ambayo ilianza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, ili viwanja vijengwe upya. Kwa familia ya watu watano hiyo ni pesa ya chakula cha siku nyingi. Ana haki ya kuuliza.

Maswali matatu kwa Air Congo ya leo

Kampuni mpya ina faida ambayo wengine hawakuwa nayo: mshirika wake, Ethiopian, anajua kazi, ana karakana na shule ya marubani Addis Ababa. Hilo ni jema. Lakini historia inatupa maswali matatu ya kuuliza, na sisi wasomaji tunaweza kuyauliza bila kuwa wataalamu.

La kwanza: ndege za propela zitakuja lini? 737-800 inafaa Lubumbashi na Kisangani. Kwa viwanja vifupi na miji yenye wasafiri 40 kwa siku, ni kurudia hesabu ya DC-10 kwa kipimo kidogo.

La pili: je, majimbo yataunganishwa yenyewe kwa yenyewe, au kila mtu atapita Kinshasa kama wakati wa Boma na Luebo?

La tatu: kiongozi akitaka kiti, atalipa? Siku ndege ya kwanza itakapochukuliwa kwa safari ya mkubwa na wasafiri wakabaki, tujue Air Labda imerudi.

Mashariki tuna swali la nne, ambalo halimhusu Air Congo peke yake. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, uwanja wa Goma ulifungwa, na Februari Kavumu ya Bukavu nayo ikafuata. Mgonjwa aliyekuwa akifika Kinshasa kwa saa chache akalazimika kuvuka mipaka na kuzunguka kupitia nchi jirani. Ni Julai 1960 tena: mtu wa nchi hii hawezi kutua katika mji wa nchi yake.

Jina zuri tulishakuwa nalo, na ndege nzuri pia. Safari hii tuihesabu kampuni kwa jambo moja linaloonekana na kila mtu: ndege iliyoandikwa Jumanne, ifike Jumanne, na imbebe aliyelipa.